Kichaka cha Lura

Katika bonde letu ukipewa mche huruhusiwi kushukuru. Unaupokea, unautazama, unasema neno lolote jingine, kwamba mvua imechelewa au mume wako anaumwa jino, kisha unakwenda zako. Ukisema asante, mche unakufa. Mimi nimetoka upande wa pili wa mlima, ambako watu hushukuru hata wakipishwa njiani. Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza wa ndoa niliua mawaridi matatu ya mama mkwe kwa adabu zangu nzuri.

"Kwani kwenu hamkufundishwa kunyamaza?" aliniuliza.

"Tulifundishwa kushukuru, Mama."

"Basi washukuru kuku wakitaga. Miche yangu niachie."

Huyo ndiye Dovie, mama wa mume wangu Burl. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye vidole vyeusi kwenye kucha hata siku ya kanisa. Alikuwa akiinamisha tawi la mti wowote, analikwaruza kwa kisu, analizika chini ya jiwe, na mwaka unaofuata ana mche. Watu walikuja kutoka kambi za mbao na kutoka mjini kuomba miche kwake, na wote waliondoka wakizungumzia hali ya hewa. Siwezi kusema nilimpenda tangu mwanzo. Nilimwogopa miaka kumi, kisha nikamzoea, kisha siku moja nikagundua siwezi kuinjika maharage bila kumsikia akiniambia nimetia chumvi mapema mno.

Kila uani kwetu kuna kichaka cha kifuani. Kinafika kimo cha mtu, majani yake ni mapana, na mwezi wa nne kinatoa maua ya rangi ya maini yenye petali nyingi nyembamba. Ua moja halinukii likiwa baridi. Lakini wanawake hulifunga kwenye leso na kulitia kifuani Jumapili asubuhi, joto la mwili linaliamsha, na ibada ikifika katikati kanisa zima linanuka tufaha zilizolazwa kwenye pipa. Mhubiri wetu alikuwa akipoteza mstari wake kila Aprili, na wanawake walijua sababu.

Dovie hakuwa na kichaka hicho uani. Chake kilikuwa makaburini, kando ya kijito, na hakikuwa kama vya watu wengine. Maua yake yalikuwa meupe yaliyoingia manjano kidogo, rangi ya nta. Mwalimu mmoja wa mambo ya mimea aliwahi kuja kutoka chuoni mwezi wa nane, akashika majani, akanusa gome, akasema ni kichaka cha kawaida na hakuna chenye ua jeupe katika vitabu vyake. "Basi rudi Aprili na kitabu kitupu," Dovie alimwambia. Hakurudi. Na kila aliyeomba chipukizi la kichaka kile alinyimwa, hata mimi. Dovie alisema si chake kukigawa. Kilikuwa cha Lura.

Lura alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alizaliwa Machi mwaka 1892, akaishi siku tisa. Wakati wanamzika, Dovie alikuwa kitandani na homa ya uzazi, hajui mchana wala usiku. Mume wake, Anselm, alitengeneza sanduku kwa mbao za mtulipu, akashuka nalo makaburini na wanaume wawili, na jirani yao mzee aliyeitwa Tenny akampa chipukizi la kichaka akapande kichwani pa kaburi. Anselm alikuwa mtu wa kuja kama mimi. Alivua kofia, akasema asante.

Tenny alimkazia macho. "Umeshaharibu," alisema. "Hiki hakitakufa, maana kimetolewa kwa ajili ya maiti. Lakini hakitatulia."

Maneno hayo Dovie aliyasikia kwa watu. Alipopata nguvu za kutembea, wiki ya tano, alishuka makaburini peke yake, akakuta kichaka kina majani manne. Jiwe dogo waliloliweka lilikuja kuchukuliwa na mafuriko. Wale wanaume wawili walihama, Anselm akafa miaka ya baadaye kwenye kambi ya mbao mbali na akazikwa hukohuko. Ikabaki kichaka tu. Kila mwaka Mei, siku ya kupamba makaburi, bonde zima likifagia na kutandika maua na kula chini ya miti, Dovie alikwenda moja kwa moja kwenye kichaka chake cheupe, akapiga magoti, akaweka maua chini yake. Miaka hamsini na moja, hakukosa hata mmoja.

Kisha likaja bwawa.

Kampuni ilikuwa inaziba mto chini kule kwenye mlango wa bonde, na maji yangepanda mpaka juu ya paa la kanisa. Sisi tulipewa viwanja ng'ambo ya mlima. Wafu nao walihamishwa. Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Bwana Haskew, mtu mrefu wa nyanda za chini, mpole, mwenye daftari lililolowa pembe. Alifika kwetu Januari mwaka 1944, theluji iko nje, akamkuta Dovie jikoni anamenya maharage makavu.

"Bibi Dovie, jina la Lura ninalo. Siku tisa. Lakini jiwe sijaliona."

"Jiwe hakuna. Kuna kichaka."

"Nimeona vichaka ishirini na kitu pale. Kipi?"

Mikono ya Dovie ilisimama. Msimu wa vuli wa mwaka 1941, wafyekaji waliochoma nyasi kando ya mto waliachia moto ukapita makaburini. Vichaka vyote vya kifuani viliungua mpaka shinani, cha Lura na vile vya mwituni vilivyojiotea humo, kisha vyote vikachipua upya kwa kimo kimoja. Miaka miwili havikuchanua. Dovie aliweka maua yake Mei zile mbili kwa kukisia tu, na hakumwambia mtu.

"Ni kile cha maua meupe," alisema.

"Huu mwezi wa kwanza, Bibi. Vyote ni fimbo."

"Basi ngoja wa nne."

"Wa nne samaki watakuwa wanapita hapo ulipokaa." Hakusema kwa kejeli, alisema kama mtu aliyechoka. "Tarehe moja Machi nafunga orodha. Kaburi ambalo halina jiwe, lazima ndugu anionyeshe kwa kidole pa kuchimba. Nachimba mara moja tu. Nikikosa, linabaki."

Alipoondoka, Dovie aliendelea kumenya maharage mpaka bakuli likajaa na mengine yakamwagika sakafuni. Nilikuwa sijawahi kumwona akimwaga chakula. "Verlie," aliniambia, "sitaki mwanangu alale chini ya maji."

Ndipo alipopata ile akili ya chupa. Wakulima wa maua wanaijua: ukikata tawi wakati wa baridi ukalitia kwenye maji karibu na moto, linadanganyika, linadhani majira yamefika, linachanua. Tulishuka makaburini mimi na yeye, tukakata tawi moja kwa kila kichaka. Vilikuwa ishirini na vitatu. Ili tusichanganye, nilichukua kapu lake la vipande vya nguo za kushonea mablanketi. Kila kichaka nikakifunga kipande cha kitambaa tofauti, na kipande cha nguo hiyohiyo nikakifunga kwenye tawi lake. Tulipoondoka, makaburi yalikuwa yamejaa vitambaa vinavyopepea juu ya theluji. Sikupenda kugeuka nyuma.

Burl alituzuia mlangoni. "Vitu vya makaburini haviingii ndani. Mama, ni wewe uliyenifundisha."

"Nilikufundisha pia kufuta viatu, hukunisikia. Nipishe."

Tulizipanga chupa za kuhifadhia matunda kwenye rafu nyuma ya jiko la kuni, kila moja na fimbo yake na kitambaa chake. Kwanza Dovie alikwaruza gome la kila tawi kwa ukucha akanusa, akarudia mara ya pili. Yote yalinuka karafuu na dawa ya kusugua kifua. "Pua imezeeka," alisema, akakaa kwenye kiti chake kutazama.

Kazi ya kubadilisha maji ilikuwa yangu, kila asubuhi, maji ya vuguvugu. Siku nne hapakuwa na kitu. Ya tano vikaanza kuonekana vijicho vya majani. Ya sita nikaisikia harufu. Nilifunua chungu cha unga nikadhani nimeweka tufaha humo. Nikasogea kwenye rafu, lakini hapakuwa na tumba lililofunguka, wala tumba lenyewe. Mchana nilikwenda kisimani, theluji imefika kwenye kifundo cha mguu, na harufu ilikuwa kisimani. Nilivaa koti la Burl lililokuwa limening'inia bandani tangu Krismasi, ikawa kwenye mfuko wake.

"Mama, unasikia harufu?"

"Nasikia."

"Inatoka wapi?"

"Badilisha maji, mwanangu."

Burl alianza kula mkate wake wa mahindi nje, amesimama, kwenye baridi ile. Alisema jikoni kuna joto. Mume wangu anang'oa visiki kwa mikono, na hakutaka kukaa chumba kimoja na fimbo. Nilimcheka mbele yake, lakini nilipobaki peke yangu na zile chupa nilikuwa nikiimba kwa sauti.

Siku ya tisa saa sita mchana, nilikuwa nakoroga maharage nikamsikia Dovie anavuta pumzi. Matawi yote yalikuwa na majani. Moja tu lilikuwa na ua, na asubuhi nilipobadilisha maji halikuwa nalo, naapa. Lilikuwa wazi kabisa, jeupe la nta, na lilikuwa limegeukia kiti chake badala ya dirisha lenye mwanga. Tawi hilo lilikuwa na kitambaa cha buluu chenye nukta nyeupe.

"Nani alifunga hiki?"

"Mimi, Mama."

"Ulikitoa wapi?"

"Kapuni. Nilivuta tu kilichokuja mkononi."

Aliushika upindo wa kitambaa kwa vidole viwili. "Hili lilikuwa gauni langu la mimba yake," alisema. Kisha akaomba koti lake.

Bwana Haskew alikuja kesho yake na wachimbaji wawili. Kichaka chenye kitambaa cha buluu kilikuwa upande wa juu wa makaburi, karibu na ulipokuwa uzio kabla ya moto. Dovie alinyoosha kidole chini yake, kidole kikiwa imara, na watu wakaanza kuchimba. Niliwatazama wakipita majani yaliyooza, udongo mweusi, kisha udongo mwekundu. Udongo mwekundu ulikuwa mgumu na wenye mistari yake safi tangu Mungu auweke. Mimi si mchimba makaburi lakini nimepanda viazi maisha yangu yote, najua ardhi iliyowahi kufunuliwa na ardhi ambayo haijawahi kuguswa. Walifika kiunoni. Haskew akashuka mwenyewe, akagonga kwa beleshi, akapanda juu akitikisa kichwa.

"Hapa hapajazikwa mtu, Bibi. Pole sana."

Dovie alikaa chini kwenye theluji, hapohapo, miguu imenyooka mbele kama mtoto.

"Nimekuwa nikimletea nani maua?" aliuliza. "Miaka yote ile. Nilikuwa nampigia nani magoti?"

Sijawahi kuumia kwa ajili ya mtu kama nilivyoumia kwa ajili yake saa ile, na maumivu yangu mimi huwa yanatoka kama hasira. Nilimkasirikia Haskew na daftari lake, nikamkasirikia Burl aliyesimama na kofia mkononi kama gogo. Nikakikasirikia kichaka. Nilikishika shina nikalivuta ning'oe, na hakikung'oka. Mzizi mmoja mnene kama kidole gumba ulinyanyuka kutoka kwenye udongo wa juu, ukaelekea chini ya mteremko, na kwenye huo mzizi, hatua moja mbele, palikuwa na kisiki kidogo kilichokufa.

Nilijiona mjinga. Sisi sote tulikuwa wajinga, na Dovie kuliko sote, yeye aliyeotesha nusu ya bonde. Kichaka cha kifuani hakikai. Kinatoa chipukizi pembeni, chipukizi linakuwa shina, shina la zamani linakufa, na baada ya miaka kichaka kimehama bila mtu kukiona kikihama. Kila anayekipanda karibu na ukuta anajua. Lakini kile hakuna aliyekitazama kama kichaka. Dovie alikitazama kama mwanawe, akakifuata, shubiri moja kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, mpaka akamwacha mwanawe nyuma.

"Mama," nilimwambia, "inuka. Kimetembea."

Haskew alisema alishachimba shimo lake moja. Nikamwambia atulie na daftari lake, hakuna aliyemwomba beleshi. Tulipiga magoti mimi na Burl, tukafukua mzizi kwa mikono. Mizizi ya kichaka hiki kwa kawaida inakwenda ovyo, huku na huku, kama kuku aliyefukuzwa. Huu ulikwenda umenyooka. Kisiki kilichokufa, kisha mzizi, kisha kisiki cha zamani zaidi kilichokuwa unga, kisha mzizi. Tulipita ukingoni mwa kaburi la mjomba wake Burl lililokwisha kuhamishwa na kuachwa wazi, tukakuta mzizi umevuka ng'ambo bila kupinda. Hatua kumi na nne. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Pale ulipoishia palikuwa nyasi tupu, karibu na kijito, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuweka hata ua moja.

Nilisimama kunyoosha mgongo, nikatazama nyuma kwenye mfereji tuliofukua. Ulipanda mteremko kwa mstari mmoja, ukapita kwenye kichaka chenye kitambaa cha buluu. Niliufuata kwa macho zaidi ya hapo, juu ya theluji, juu ya bustani ya kabichi. Mwisho wa mstari ule ulikuwa mlango wa jikoni kwa Dovie.

Burl naye aliona. "Usimwambie," alininong'oneza.

"Ana macho," nilisema. Dovie alikuwa amesimama kwenye kichaka, anautazama mlango wake, kisha akatutazama sisi.

Haskew aliweka daftari kwenye mfuko. Alitoa mwiko wake mdogo, akapiga magoti, akaanza kukwangua mwenyewe. Chini kidogo udongo ulibadilika ukawa mweusi na laini, na ndani yake ilikuwepo mizizi myembamba, maelfu, imefumana kama sufi. Aliifuata pembeni, ikawa na ukuta. Akaifuata upande wa pili, ikawa na kona. Mbao za sanduku zilikwisha kuoza zamani, lakini mizizi ilikuwa imelizunguka sanduku lote kwa nje, pande zote sita, na sanduku lilipoisha mizizi ilibaki na umbo lake, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole na nusu yake. Wachimbaji wawili walirudi nyuma. Mmoja alivua kofia.

"Nihamishe nini hapa, Bibi?" Haskew aliuliza, na sauti yake haikuwa ya kazini tena. "Ndani ni udongo tu."

"Hivyohivyo kilivyo," Dovie alisema. "Usikifungue."

Haskew alikikata kwa chini taratibu, akaingiza mikono, akakinyanyua kizima, na mzizi ule mnene bado umeshikamana nacho. Dovie alikuwa amekaa ukingoni, mikono mbele. Yule bwana alikiweka mapajani pake. Mara ya mwisho alipomshika Lura, mtoto alikuwa na siku tisa na yeye alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikilaza kwenye mkono wa kushoto, akakaa hivyo, na hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Haskew alibaki amesimama mbele yetu, magoti yamelowa, kofia mkononi, anangoja. Mtu yeyote angengoja. Nikafungua kinywa kusema linalosemwa, na kiganja cha Dovie kilichojaa matope kikaniziba midomo kwa nguvu mpaka nikaonja udongo. Kisha akamtazama yule bwana usoni.

"Kesho kutakuwa na upepo," alimwambia.

Haskew alitutazama, akavaa kofia, akaenda. Nilielewa. Kilichokuwa mapajani pake kilikuwa na mzizi hai, kilikuwa mche, na alikuwa amepewa. Anselm alishukuru mara ya kwanza, na kichaka kikazurura miaka hamsini. Safari hii alitaka mtoto atulie.

Lakini mimi ni wa upande wa pili wa mlima. Nilimwona yule mtu anashuka peke yake kuelekea kwenye lori lake, mabega yameanguka, nikaona aibu isiyovumilika. Nilisema naenda kuleta blanketi. Nilimkimbilia nyuma ya miti.

"Bwana Haskew. Asante. Asante sana."

"Nilidhani nimemkosea," alisema.

"Hukumkosea."

Ni hayo tu. Sikumwambia Burl, sikumwambia mtu.

Makaburi mapya yako juu ya kilima, yamepangwa kwa safu na namba. Lura aliwekwa safu ya pili, akazungukwa pande zote na watu waliohamishwa siku ileile. Mzizi wake ulichipua Mei hiyohiyo, majani manne, kwa hesabu ya Dovie. Sisi tulijenga chini upande wa magharibi. Dovie alipanda kila wiki kukitazama mpaka miguu ilipomshinda, na baada ya hapo alinituma mimi.

"Kimetulia?"

"Kimetulia, Mama."

Nilikuwa namdanganya. Mwaka wa pili tu kilitoa chipukizi upande wa magharibi, shubiri moja, kuelekea nyumbani kwetu. Mwaka wa tatu shubiri nyingine. Nilikuwa nikisimama pale nasikia ladha ya udongo mdomoni, najua ni adabu zangu zilizomtoa mtoto kitandani pake.

Dovie alikufa Machi 1947. Siku ya mwisho aliuliza lile swali lake na nikampa lile jibu langu, na akafumba macho ameridhika. Tulitaka alale karibu na Lura, nafasi hakuna. Walimweka safu ya mwisho chini, upande wa kusini, hatua saba kutoka kwa mwanawe. Burl aligombana na mwenye kutunza makaburi mpaka wakatenganishwa. Haikusaidia kitu.

Mwezi wa nne nilipanda na ufagio, nikapima kwa mpini wake kama nilivyozoea. Chipukizi la magharibi lilikuwa limekauka. Jipya lilikuwa limetoka upande wa kusini, upande wa mteremko.

Miaka kumi na tisa nimepima. Hakuna mwaka kilichopinda. Mkata nyasi nilimwambia akikigusa nitamvunja mkono, na anajua mimi si mtu wa mzaha. Burl naye yuko pale sasa, kando ya mama yake, na yeye kabla hajafa alikuwa akinisindikiza na kusimama mbali kidogo, mikono mifukoni.

Aprili hii ufagio niliubeba bure. Chipukizi lilikuwa limetoka kando ya jiwe la Dovie, upande wa kushoto, upande aliokuwa akibebea watoto. Lilikuwa na urefu wa kidole na lina ua moja tayari, la rangi ya nta. Nilipiga magoti, na kwa umri wangu hilo si jambo dogo. Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi niliyemkimbilia yule mtu, na kwamba sijutii tena. Neno lile lilikuwa limenijaa kinywani mpaka meno yaliniuma.

Nikamwambia mvua imechelewa mwaka huu, nikaenda zangu nyumbani.